Shimo lililokatazwa halina wa kulikagua: somo la Shinkolobwe kwa Likasi ya leo

Tarehe 8 mwezi wa saba 2004, udongo ulianguka katika mgodi wa Shinkolobwe, yapata kilomita 20 kutoka mji wa Likasi. Watu wanane walikufa, wengine zaidi ya kumi wakatolewa wakiwa na majeraha. Walikuwa wachimbaji wa mikono, wale ambao kwetu tumezoea kuwaita creuseurs. Walikuwa wakitafuta kobalti.

Ajali za namna hiyo hazikuwa jambo geni Katanga. Lakini hii ilikuwa na ajabu yake: mgodi ulikuwa umefungwa. Mwezi wa kwanza wa mwaka huohuo, Rais Joseph Kabila alitia sahihi dekreti ya kukataza uchimbaji wote Shinkolobwe. Kwa hiyo kwenye karatasi za Kinshasa hapakuwa tena na mtu anayechimba pale. Kwenye mashimo yenyewe walikuwa maelfu.

Zaidi ya miaka ishirini imepita. Katanga ya zamani imegawanywa tangu 2015, Likasi iko Haut-Katanga na Kolwezi iko Lualaba, sheria ya migodi imeandikwa upya na huduma za serikali zimebadilishwa majina. Hata hivyo, kila mara udongo unapoanguka, jibu la viongozi ni lilelile: kufunga, kufukuza, kuweka askari. Uchambuzi huu unauliza kama jibu hilo limewahi kuokoa maisha. Shinkolobwe inaonyesha kwamba kufunga peke yake hakulindi mtu. Shimo linalokatazwa linaendelea kuchimbwa, ila sasa linachimbwa bila mtu yeyote wa serikali mwenye kazi ya kuangalia kama linakaribia kuanguka.

Namna watu walivyofika Shinkolobwe

Madini ya Shinkolobwe yalivumbuliwa 1915, na mgodi ulianza kazi 1921 chini ya Union Minière du Haut-Katanga. Kwanza walitaka radiamu, iliyokuwa ikisafishwa Olen, kule Ubelgiji. Kisha vita vya pili vya dunia vilipokuja, uraniamu yake ilipelekwa Marekani na kutumika katika mpango uliotengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 mwezi wa nane 1945. Karibu na uhuru wa 1960 Wabelgiji waliufunga mgodi na mashimo makubwa yakazibwa kwa beton.

Wachimbaji waliokuja miaka ya baadaye hawakufuata uraniamu. Walifuata kobalti iliyo katika mawe meusi ya juu, na shaba, mukuba wa wazee wetu. Tatizo ni kwamba hapo madini hayo yanakaa pamoja. Anayejaza gunia la kobalti Shinkolobwe anajaza pia, bila kupenda, kiasi fulani cha uraniamu.

Ili kuelewa kwa nini maelfu ya watu walikubali kazi hiyo, ni lazima kukumbuka yaliyoipata Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni hiyo ya serikali ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450.000 za shaba kwa mwaka. Likasi iliishi kwayo: viwanda vya Shituru na Panda, nyumba za wafanyakazi, hospitali, masomo, posho ya kila mwezi. Wazee walisema kazi njo baba, kazi njo mama. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto, Kolwezi, iliporomoka. Zikafuata vurugu za Zaïre ya mwisho na vita viwili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Gécamines ilikuwa inatoa chini ya tani 20.000 kwa mwaka. Mishahara ilikaa miezi mingi bila kulipwa, na kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliachishwa katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliosaidiwa na Benki ya Dunia.

Wakati huohuo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wanunuzi walikuwa wamefungua milango kwa kobalti ya mkono. Mtu aliyepoteza mshahara, au mtoto wake aliyekosa pesa ya masomo, alikuwa na njia moja iliyo wazi: nyundo, koleo na gunia. Alichimba mahali Union Minière na Gécamines zilipochimba kabla yake, kwa sababu pale alijua kwamba madini yako. Lakini mhandisi, ramani ya mahandaki ya zamani, mbao za kushikilia dari, mashine ya hewa na daktari wa kampuni havikumfuata.

Ujumbe wa ONU ulikuta nini

Baada ya ajali ya mwezi wa saba, serikali iliomba msaada wa Umoja wa Mataifa. Ujumbe ulioongozwa na mashirika yake ya mazingira na ya misaada ya dharura ulifika mwishoni mwa mwezi wa kumi 2004. Ulikuta machimbo hayana watu. Mwezi wa nane, wachimbaji walikuwa wamefukuzwa na kijiji chao kuharibiwa.

Wengi walitegemea ripoti iseme juu ya mionzi tu, kwa sababu ya jina la Shinkolobwe. Wataalamu walipima maji na udongo. Kuhusu mionzi, walionya hasa juu ya hatari ya muda mrefu kwa mtu anayekaa saa nyingi ndani ya mahandaki yasiyo na hewa na kupumua vumbi lake. Ila hatari iliyo karibu zaidi, ile inayoweza kuua leo, ilikuwa ya kawaida kabisa: udongo wenyewe. Mashimo yalikuwa yamechimbwa bila mpango, moja likiingia chini ya jingine, na wataalamu waliona kwamba yangeendelea kuporomoka. Walishauri watu wasirudi. Walishauri pia kwamba kazi ya mkono Katanga itazamwe kwa ujumla wake, pamoja na swali la riziki ya watu wanaoiishi, kwa sababu Shinkolobwe ilikuwa mfano mmoja kati ya mingi.

Sehemu ya kwanza ya ushauri ilifaa kwa amri, nayo amri ilitolewa. Ya pili ilihitaji ardhi, pesa na watumishi. Miaka iliyofuata kulikuwa na habari za watu kurudi usiku. Na mwaka 2007 Likasi ilishtuka tena kusikia kwamba shehena ya madini yenye mionzi, iliyokuwa imekamatwa na ikatakiwa kupelekwa Shinkolobwe ili iwekwe mahali pa usalama, imetupwa katika mto Mura. Madini hayo yalitoka shimoni, yakapakiwa gari na kusafiri. Amri ya kufunga haikuwa imezuia hata moja kati ya hatua hizo.

Namna shimo linavyoua

Kila ajali inapotokea, neno la kwanza la viongozi ni mvua. Kweli mvua inaua. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi mwezi wa nne udongo wa Katanga unakunywa maji, unakuwa mzito, na kuta za shimo zinapasuka. Lakini mwezi wa saba ni katikati ya kiangazi. Shinkolobwe haikuanguka kwa mvua.

Iliangushwa na namna ya kuchimba. Shimo la mkono linashuka wima, jembamba, hadi linapofika mahali penye madini. Kutoka hapo ekipe inafuata mshipa kwa pembeni, kila upande unaolipa. Ekipe ya shimo la jirani inafanya vilevile. Ukuta wa udongo unaobaki kati yao ndio unaoshikilia uzito wote wa juu, na kila gunia linapunguza ukuta huo. Hakuna mwenye ramani ya mahandaki yote. Siku ukuta unapokatika, wanaokufa mara nyingi si wale waliochimba mwisho.

Mahali palipochimbwa na kampuni kabla, hatari inaongezeka. Udongo uliokwisha kufukuliwa na kurudishwa haushikani kama udongo ambao haujaguswa, na chini yake kunaweza kuwa na utupu usioonekana. Kuna pia hewa. Ndani ya handaki refu hewa inaisha polepole. Anayewasha moto wa kuvunja jiwe, au anayeshusha pampu ya mafuta ili kutoa maji, anajaza shimo kwa moshi usio na harufu kali, na watu wanalala usingizi wasioamka. Palipo na uraniamu kuna pia radoni, gesi isiyoonekana, ambayo madhara yake kwa mapafu yanachelewa miaka. Vumbi la mawe nalo linachelewa hivyohivyo. Hao hawahesabiwi katika ajali yoyote.

Kwa sababu hizo kanuni za Kongo zinakataza uchimbaji wa mkono kupita mita 30 kwenda chini. Kila mtu anayejua machimbo yetu anajua kwamba mashimo mengi yanapita kina hicho. Swali ni nani mwenye kazi ya kushusha kamba na kupima.

Sheria iko, lakini inasimama wapi?

Kongo haikosi sheria. Kanuni ya migodi ya tarehe 11 mwezi wa saba 2002 ilitambua mchimbaji wa mkono. Marekebisho ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018 yaliongeza masharti: mchimbaji awe Mkongomani mtu mzima, awe na kadi yake, awe ndani ya koperative iliyokubaliwa, na achimbe ndani ya eneo ambalo Waziri wa migodi ameliweka kwa kazi hiyo. Mwenye mgodi, mkubwa au mdogo, anapaswa kuijulisha huduma ya migodi ajali yoyote bila kuchelewa. Kuna Division ya migodi, kuna polisi ya migodi, na kuna SAEMAPE, ambayo hadi 2017 iliitwa SAESSCAM. Kazi ya SAEMAPE ni kusindikiza wachimbaji wa mkono: kuwafundisha, kukagua mashimo, kusema hili lifungwe na lile liendelee.

Tazama sasa namna sheria hiyo inavyogusa ardhi ya Likasi na Kambove. Eneo la uchimbaji wa mkono haliwezi kuwekwa mahali ambapo tayari kuna mtu mwenye hati ya migodi. Na hapa kwetu, milima yenye madini imegawanywa tangu zamani za Union Minière. Karibu kila kilima kinachojulikana kina hati, ya Gécamines au ya kampuni iliyoshirikiana nayo au iliyonunua kwake. Maeneo yanayobaki kwa wachimbaji ni machache, mara nyingi yako mbali, au madini yake yako chini sana kwa mtu wa nyundo, au hakuna aliyeyatafiti kujua kama yako.

Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Mchimbaji anaingia katika ardhi yenye hati ya mwingine. Kuanzia hapo yeye ni mvamizi. Mwenye hati hawajibiki kwake, kwa sababu hakumwajiri. Mkaguzi wa kazi hamhesabu, kwa sababu hana mkataba. SAEMAPE ikimpa mafunzo au kupima shimo lake, itaonekana inakubali kazi iliyokatazwa. Polisi wa migodi ndiye anayebaki, naye ana kazi ya kumfukuza. Amnesty International na shirika la Kikongomani Afrewatch, katika ripoti yao ya 2016 juu ya kobalti ya kusini mwa Kongo, zilieleza namna watumishi wa serikali walivyokuwa wakichukua malipo kwa wachimbaji katika maeneo yasiyoruhusiwa.

Serikali basi haikosekani kwenye shimo lililokatazwa. Inafika, lakini kama mtu wa barieri. Gunia linatoka, linapita barabarani, linalipiwa, linafika depo, linauzwa. Kinachokosekana ni mtu mmoja tu, yule wa kusema kabla ya asubuhi: leo msishuke.

Ripoti hiyohiyo ilihesabu, kwa kufuata habari za redio tu, wachimbaji wasiopungua 80 waliokufa chini ya ardhi kusini mwa Kongo kati ya mwezi wa tisa 2014 na mwezi wa kumi na mbili 2015. Ilionya kwamba hesabu ya kweli ni kubwa zaidi, kwa sababu ajali nyingi haziandikwi popote. Na ni rahisi kuelewa kwa nini. Familia inayotangaza kwamba mtoto wake amefia katika ardhi ya kampuni inatangaza pia kwamba alikuwa amevunja sheria.

Kutoka Shinkolobwe hadi Kalando

Tarehe 27 mwezi wa sita 2019, wachimbaji walikuwa wameingia katika mgodi wa KOV, Kolwezi, mali ya kampuni ya KCC iliyo chini ya Glencore. Ukuta uliporomoka. Viongozi wa jimbo walihesabu watu 43 waliokufa. Jibu lilikuwa kutuma jeshi ili kuwatoa wachimbaji kwenye migodi ya kampuni.

Mwezi wa tisa 2020, ndugu zetu wa Kivu Kusini walipata yao Kamituga. Mvua kubwa ilijaza mashimo ya dhahabu na watu yapata 50 wakahofiwa kufa. Hapo mvua ilikuwa kweli ndiyo chanzo, lakini hakuna aliyekuwa na kazi ya kusimamisha mashimo mawingu yalipojikusanya.

Kisha Kalando, kijijini Mulondo, jimbo la Lualaba, tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 2025. Watu wasiopungua 32 walikufa pale daraja la kienyeji juu ya mfereji uliojaa maji lilipoanguka. Roy Kaumba, waziri wa mambo ya ndani wa jimbo, alisema machimbo yalikuwa yamekatazwa kwa ajili ya mvua na hatari ya kuporomoka, na kwamba wachimbaji waliingia kwa nguvu. Ripoti ya SAEMAPE ilisema milio ya risasi za askari waliokuwa wakilinda pale ndiyo iliyozusha hofu, watu wakakimbilia daraja kwa pamoja.

Tukiweka Kalando pembeni ya Shinkolobwe, tunaona katazo katika zote mbili. Mwaka 2004 katazo lilibaki karatasi. Mwaka 2025 katazo lilikuwa na bunduki. Kati ya karatasi na bunduki, ile kazi ya katikati haikufanywa: kuhesabu walioingia, kujenga daraja linalobeba uzito wao, kufungua njia ya pili, kuwa na mtu wanayemwamini wa kuwaambia watoke.

Mwenye mkataba naye

Si haki kufikiri kwamba hatari ni ya wachimbaji wa mikono peke yao. Likasi ina pia wafanyakazi wa migodi midogo na viwanda vidogo vya kusafisha madini, watu wenye kofia na namba ya kazi. Kwao sheria iko wazi zaidi. Kanuni ya kazi ya 2002, iliyorekebishwa 2016, inamlazimisha mwajiri kulinda afya na usalama wa mfanyakazi. Ajali kazini inapaswa kutangazwa, na CNSS ndiyo inayobeba malipo ya aliyeumia au ya familia yake, kama mwajiri amemwandikisha.

Neno zito hapo ni kama. Mwaka 2021 mashirika ya RAID na CAJJ yalitazama migodi mitano mikubwa ya kobalti na shaba upande wa Kolwezi. Yaliona kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi hawakuajiriwa na kampuni yenye mgodi bali na kampuni ndogo za katikati, zenye mishahara midogo na ulinzi dhaifu. Kama ni hivyo katika migodi mikubwa inayotazamwa na dunia nzima, mtu anaweza kufikiri hali ilivyo katika kampuni ndogo isiyojulikana hata jina lake, inayochukua vijana kwa siku na kuwalipa jioni. Kijana huyo akivunjika mguu, anakuta kwamba yule aliyempa kazi asubuhi hana ofisi, na mwenye mgodi anasema hamjui.

Kwa hiyo mchimbaji asiye na ruhusa na mfanyakazi wa siku wanafanana kuliko tunavyofikiri. Wote wawili wanatoa madini yanayouzwa kwa jina la mwingine, na ajali ikitokea mwenye jina hilo hayupo.

Mutoshi ilionyesha nini

Wapo wanaosema kazi ya mkono haiwezi kusimamiwa, kwamba wachimbaji ni wengi mno, hawasikii, na kwamba njia pekee ni kuwatoa. Hoja hiyo isidharauliwe: mwenye kampuni aliyelipia hati ana haki zake, na mtu anayeingia usiku chini ya ukuta wa mgodi mkubwa anajiua kweli.

Lakini tuna mfano karibu unaosema vingine. Kuanzia 2018 hadi mwezi wa tatu 2020, pale Mutoshi, Kolwezi, katika ardhi ya kampuni ya Chemaf, maelfu ya wachimbaji wa mikono walifanya kazi ndani ya uzio. Trafigura, mfanyabiashara mkubwa wa madini, ilikuwa upande wa ununuzi, na shirika la Pact likafuatilia usalama. Mashine za kampuni ziliondoa udongo wa juu ili watu wachimbe mahali pa wazi badala ya kushuka shimoni kama panya. Watoto na wanawake wajawazito hawakuruhusiwa kuingia, na wanawake wengine walipata nafasi katika machimbo ambayo kabla yake waliambiwa yanafukuza madini wakikanyaga. Mpango huo ulisimamishwa wakati wa Covid.

Mutoshi haikuwa paradiso. Wachimbaji walilalamikia bei, kwa sababu mnunuzi alikuwa mmoja na hawakuweza kupeleka gunia kwa mwingine. Lalamiko hilo ni la maana kwa usalama wenyewe: mtu akiona bei ya ndani ya uzio inamwibia, atarudi kwenye shimo la nje, hata lenye kifo. Ila jambo moja lilithibitishwa. Mara mwenye hati alipokubali kuwatambua, vifaa vya kuondoa hatari kubwa kuliko zote vilipatikana. Mashine ilikuwapo tangu mwanzo. Kilichokosekana kilikuwa sababu ya kuiwasha kwa ajili yao.

Serikali nayo iliona hivyo, angalau kwenye maandishi. Mwezi wa kumi na moja 2019 iliunda Entreprise Générale du Cobalt, EGC, ili inunue kobalti yote ya mkono na kuweka masharti ya usalama. Ilichukua miaka sita, hadi mwezi wa kumi na moja 2025, kampuni hiyo ionyeshe tani zake 1.000 za kwanza zinazojulikana zilikotoka. Mwezi huohuo ilitokea Kalando.

Mambo ya kuuliza

Inchi hii inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia. Pesa basi inapita, na Kanuni ya 2018 ilisema inapita wapi. Kati ya redevansi ya migodi, asilimia 25 ni ya jimbo na asilimia 15 ni ya mji, komini, sekta au shefferi ambako madini yanachimbwa. Juu ya hiyo, kampuni inatoa asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa mahali. Wakaaji wa Likasi na Kambove wana haki ya kuuliza meya wao, mkuu wa teritware na wabunge wa jimbo: katika pesa hiyo, ni franka ngapi zililipa mtu wa kukagua mashimo? Ni kamba ngapi, pampu ngapi, gari ngapi za kubeba majeruhi?

Kuna pia mambo yasiyohitaji pesa nyingi. Daftari la vifo liwepo katika kila teritware, linalomwandika aliyekufa bila kuuliza kwanza kama alikuwa na kadi, na lisomwe hadharani kila mwaka. Bila daftari hilo hakuna anayejua kama tunaendelea mbele au tunarudi nyuma. SAEMAPE ipewe wazi ruhusa ya kuingia hata kwenye machimbo yasiyoruhusiwa kwa kazi moja tu, ya kuzuia vifo, kama vile muuguzi anavyomtibu aliyejeruhiwa bila kumuuliza hati. Kazi ya kukagua itenganishwe na kazi ya kutoza, maana mtumishi anayeishi kwa malipo ya gunia hawezi kuwa na haraka ya kufunga shimo linalotoa magunia. Na kabla ya kufunga machimbo, Waziri aonyeshe kwanza kilima kingine: chenye hati iliyorudishwa, kilichotafitiwa, chenye barabara, mahali watu watakapohamia kesho yake.

Hilo la mwisho ni gumu, kwa sababu linamgusa mwenye hati. Gécamines na kampuni nyingine zinashikilia ardhi kubwa ambayo haijachimbwa kwa miaka. Kutoa sehemu yake ni uamuzi wa siasa, na siasa hiyo haifanyiki shimoni. Ndiyo maana ni rahisi zaidi kutuma askari.

Shinkolobwe penyewe, pabaki pamefungwa. Mahali penye uraniamu na udongo uliooza si pa kurudisha watu, na ujumbe wa 2004 ulisema hivyo kwa haki. Lakini wale maelfu waliotolewa pale hawakuacha kula. Walienda vilima vingine, na watoto wao leo wako vilima vingine tena. Mvua zinaporudi mwezi wa kumi na moja, hakuna ofisi hata moja Likasi inayoweza kutuambia wako wangapi, wako mashimo gani, na yana mita ngapi. Siku ofisi hiyo itakapokuwa na jibu, hapo tutaweza kusema kwamba sheria ya migodi imefika kwetu.